Uliza Fundi: Sensa mpya, moshi mweusi uleule

Toleo hili nimeweka pamoja maswali ya wenye gari za zamani zenye injeksheni (mfumo wa kupulizia petroli kwenye injini badala ya kabureta), zile za Ulaya za miaka ya 70 na 80. Yamekuja mengi na karibu yote yanafanana, mtu keshabadilisha vitu, hela imeenda, gari iko vilevile.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 505 GTI ya miaka ya 80, gari ya marehemu baba, bodi bado nzima na habari ya kuiuza sitaki hata kusikia. Sasa imeanza tabia, asubuhi inawaka vizuri tu ila ikishapata moto inatoa moshi mweusi, petroli inanuka mpaka ndani, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka yenyewe, na nikikaa foleni pale Buguruni inazima kabisa, kuiwasha tena mpaka nikanyage mafuta hadi chini na kupiga stata mpaka betri inalalamika. Plagi nikifungua ni masizi matupu, na mafuta inakunywa balaa. Fundi wa kwanza alisema ni sensa ya temperecha, nikanunua mpya, ile ya waya mmoja juu, akafunga, hakuna kilichobadilika zaidi ya mshale wa temperecha kwenye dashibodi ambao sasa hivi unakaa chini kuliko zamani. Fundi wa pili kasema kompyuta imekufa. Wa tatu kasema ng'oa yote weka kabureta. Nishike lipi? (Msomaji, Tabata Segerea)

JIBU: Marahaba. Kwanza usinunue kitu kingine chochote. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya swali, sensa uliyofungiwa ina waya mmoja na tangu ifungwe mshale wa dashibodi umebadilika. Hiyo ni sensa ya geji mdogo wangu. Kazi yake ni kumwonyesha dereva injini ina moto kiasi gani, basi, kompyuta ya mafuta haina habari nayo kabisa. Kwa hiyo sensa ya injeksheni yenyewe bado iko palepale kwenye injini na vituko vyake, na ile iliyotolewa ikatupwa huenda ilikuwa nzima, kama bado iko kwa fundi ifuate.

505 GTI inatumia mfumo wa Bosch unaitwa L-Jetronic, ulianza kufungwa kwenye magari miaka ya 70. Watu wanauogopa bure. Kuna boksi la hewa ambalo ndani lina kibao, hewa inayoingia injini inakisukuma, kompyuta inasoma kibao kimefunguka kiasi gani, inasoma injini inazunguka kwa kasi gani, inaamua injekta, vile vipua vya kupulizia mafuta, zikae wazi kwa muda gani. Alafu inauliza kitu kimoja cha nyongeza, injini ya baridi au ya moto? Ikiwa ya baridi inaongeza mafuta, kazi ileile ambayo kwenye kabureta inafanywa na choki. Anayejibu hilo swali ni sensa ya pini mbili, imezama kwenye maji ya injini, mara nyingi karibu na themostati (kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), na plagi yake inabanwa na kile kiwaya chembamba cha chuma kinachozunguka juu.

Ndani ya ile sensa hamna mambo mengi, ni kidonge kimoja ambacho kikiwa cha baridi kinazuia umeme sana na kikipata moto kinaachia. Sasa ikikatika kwa ndani, au waya wake ukikatika, au pini zikiliwa na kutu, kompyuta inaona ukinzani mkubwa kupita kiasi na inaelewa kwamba injini imeganda kwa baridi, baridi ambayo Dar es Salaam hatujawahi kuiona hata Julai, na inamwaga mafuta kulingana na hiyo baridi. Asubuhi huoni tatizo sana kwa sababu injini ya baridi inayataka kweli hayo mafuta. Ikishapata moto ndo yanakuwa mengi mno, moshi mweusi, masizi kwenye plagi, sailensa inayumba, inazima foleni, na kuiwasha mpaka ukanyage hadi chini ili hewa iingie ya kutosha kukausha mafuta yaliyozidi. Rudia kusoma swali lako uone kama kuna ulichosahau.

Kinyume chake pia kipo, waya mbili za sensa zikigusana kompyuta inadhani injini ina moto muda wote, inabana mafuta, na asubuhi gari inagoma. Ila kwa joto letu hiyo wengi hawaigundui, gari inakohoa kidogo asubuhi wanasema uzee, maisha yanaendelea.

Sasa kupima. Multimita ya kawaida inatosha, ile ya njano wanayotumia mafundi redio. Iweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani), fanya asubuhi kabla hujawasha, chomoa plagi ya sensa na gusa pini mbili za sensa yenyewe. Vitabu vitakwambia omu 2,500, na ni kweli, ila hiyo ni kwa nyuzi 20. Asubuhi ya kwetu hapa injini iliyolala usiku kucha mara nyingi iko nyuzi 25 au zaidi, na kwa nyuzi 25 sensa nzima inasoma kama 2,000, kwa nyuzi 30 kama 1,700. Kuna watu wanatupa sensa nzima kwa sababu kitabu kimeandikwa Ulaya na wao wanapimia Tabata. Ukishaandika namba ya asubuhi washa gari, iache ipate moto mpaka feni izunguke, zima, pima tena. Kwenye nyuzi 80 inatakiwa iwe imeshuka mpaka omu 320 hivi, ikikaribia nyuzi 100 inakwenda kwenye 190.

Ikiwa mita haisomi kitu, inaonyesha njia imekatika, sensa imekufa. Ikisoma sifuri nayo imekufa. Ile inayosumbua ni ya tatu, asubuhi inasoma 2,000 vizuri kabisa alafu injini ikipata moto inagoma kushuka, inabaki kwenye 900 huko, yaani inaiambia kompyuta bado ni baridi wakati rejeta inachemka. Fundi akiipima ikiwa ya baridi peke yake ataapa kwamba ni nzima. Ndo maana nasisitiza pima mara mbili, baridi na moto.

Kuna kipimo kingine ambacho mimi nakipenda kuliko hata hicho maana kinamaliza ubishi wa mafundi wako watatu kwa mpigo. Pita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya redio, nunua resista mbili, moja ya omu 330 na nyingine ya 2,200, hela yake hata nauli inaizidi. Gari ikiwa na moto na inatoa moshi, chomoa plagi ya sensa, alafu ile miguu ya resista ya 330 ichomeke kwenye plagi upande wa waya zinazoenda kwenye kompyuta, uhakikishe miguu haigusani wala haigusi chuma cha injini. Hapo umeiambia kompyuta kwamba injini iko nyuzi 80. Mpe dakika moja. Moshi ukikata na sailensa ikatulia basi kompyuta ni nzima, waya ni nzima, mbovu ni sensa na hakuna haja ya kikao. Ukitaka kujiridhisha weka ya 2,200, inaiga injini ya asubuhi, moshi utarudi mbele ya macho yako.

Najua kuna msomaji ataiacha hiyo resista humohumo mwaka mzima na kwa joto la Dar gari itawaka tu. Sikushauri. Siku ukipandisha nayo Lushoto au ukalala Mbeya asubuhi utaelewa kompyuta ilikuwa inamtafuta nani.

Kama resista haibadilishi kitu hapo sensa mpya haitakusaidia, fuata waya. Toa terminali ya betri, chomoa plagi kubwa ya kompyuta, na kwa kutumia mchoro wa waya wa gari yako pima ile sensa kutokea huku kwenye plagi ya kompyuta. Namba unayoipata huku ilingane na uliyoipata kwenye sensa moja kwa moja. Ikizidi sana, au ikirukaruka ukitikisa waya, njiani kuna ugonjwa. Hizi waya zina zaidi ya miaka 30, zimepita karibu na joto la injini miaka yote hiyo, plastiki yake imekuwa ngumu inavunjika kama biskuti ukiikunja. Angalia na ethi, zile waya zilizofungwa na bolti kwenye injini, fungua, sugua mpaka uone chuma kinang'aa, rudisha. Ethi mbovu inaleta vituko vya kila aina na hakuna duka linalouza ethi kwa hiyo hakuna fundi wa haraka atakayekutajia.

Kwa huyo aliyesema kompyuta imekufa, muulize amejuaje. Gari hii haina ile soketi ya kuchomeka mashine chini ya usukani, na L-Jetronic haihifadhi makosa popote, hakuna cha kusoma. Vijana wengi siku hizi wamezoea mashine iwaambie, gari isipokuwa na soketi wanabaki kukisia, na kitu cha kukisia chenye heshima ni kompyuta. Zinakufa ndio, ila ni mara chache sana ukilinganisha na sensa, plagi na waya.

Tuseme umepima na sensa ndiyo mbovu. Toka nayo, usiende kuagiza kwa mdomo. Pale Gerezani ukisema "sensa ya temperecha ya Pijo" unaletewa ya geji, ndiyo yaliyokukuta. Sema ya injeksheni, ya pini mbili, na onyesha ya zamani. Zile za Bosch za ukoo huu namba yake inaanza na 0 280 130, imechapwa kwenye shaba au kwenye plastiki, futa masizi utaiona, namba zinazofuata zilingane na za kwako. Na nenda na multimita yako. Wauzaji wengine wanakunja sura, wengine wanapenda. Kuna siku niko dukani nasubiri spea zangu, kijana mmoja akatoa mita mfukoni, akaomba maji ya moto kwa mama wa chai aliyekuwa pembeni na chupa yake, akamiminiwa nusu kikombe. Sensa mpya kwenye boksi inasoma 1,800, akaitumbukiza ncha ya shaba kwenye maji, pini zikiwa juu, namba ikaanza kuporomoka, 1,200, 800, 500, ikatulia kwenye mia tatu na kitu. Akalipa. Ya pili aliyokuwa amepewa ya bei rahisi ilishuka mpaka mia saba ikagoma hapo. Muuzaji mwenyewe alibaki anaitazama, akairudisha kabatini. (Sikuona akiitupa, kwa hiyo bado iko huko inamsubiri mtu.)

Kufunga ni kazi ndogo ila ifanye injini ikiwa imepoa kabisa, mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa na moto, maji yale yanarukia usoni. Punguza maji kidogo yashuke chini ya usawa wa sensa, au uwe na mpya mkononi na haraka haraka utoe hii uweke hii. Plagi kwanza: kile kiwaya cha kubana kisukume kwa bisibisi ndogo huku umekifunika na kitambaa maana kinaruka, na kikirukia chini ya manifoldi ndo umekipoteza. Nyingi zinafunguka na soketi ndefu ya 19. Isipotaka usitumie nguvu ya hasira, nyumba yake ni aluminiamu na sensa imekaa humo miaka 30, nyunyiza dawa ya kulegeza kutu, subiri, jaribu tena. Mpya ifunge na washa (ringi) mpya, anza kwa vidole mpaka ikae kwenye nyuzi zake sawasawa, malizia na spana kwa kiasi, hii ni shaba, haitaki mikono ya kukaza nati za tairi. Wengine wanazungushia ile tepu nyeupe ya mabomba. Kwenye sensa ya pini mbili haina madhara, ila kwenye ile ya geji ya waya mmoja usizungushe hovyo, inategemea mwili wake kugusa injini ili umeme urudi, ukiivika tepu nyingi mshale unadanganya.

Alafu toa hewa. Jaza maji taratibu, washa na heta ikiwa wazi, subiri mapovu yaishe. Hewa ikibaki imezunguka ncha ya sensa, inasoma hewa badala ya maji na utarudi kuniandikia kwamba sensa mpya nayo mbovu. Na tafadhali maji ya kisima cha chumvi usiweke. Najua bomba linakatika na kisima kiko uani, ila yale maji yanajenga gamba jeupe kwenye ncha ya sensa na gamba hilo linazuia joto lisifike haraka, achilia mbali yanavyokula aluminiamu. Weka kulanti, ukikosa kabisa angalau maji yasiyo na chumvi.

Na themostati je, ipo? Angalia. Dar es Salaam imekuwa kama sheria, gari ikichemsha mara moja fundi anatoa themostati, "huku joto, haina kazi". Kwenye gari ya kabureta unaponapona. Kwenye hii injini inakimbia barabara ya Mandela usiku ikiwa kwenye nyuzi 60, sensa nzima kabisa inasoma omu 600 na inaripoti ukweli, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta kidogo njia nzima kwa sababu kweli injini haijapata moto. Mwenye gari analia mafuta, sensa inabadilishwa, hakuna kinachobadilika. Rudisha themostati, kama gari inachemsha tafuta kwa nini inachemsha.

Kama sensa nzima, waya nzima, themostati ipo, na moshi bado mweusi, nina washukiwa wawili kabla hujarudi kwenye kompyuta. Regyuleta ya presha ya mafuta, ina mpira mwembamba wa vakyumu unaoenda kwenye manifoldi, uchomoe, ukikuta petroli ndani ya huo mpira basi ngozi ya ndani ya regyuleta imechanika na injini inanyonya mafuta mabichi kupitia huko. Badilisha. Na kama gari yako ina injekta ya tano, ya kusaidia kuwasha injini ya baridi, maana si zote zinayo, ikivuja inafanya yaleyale. Ifungue ikiwa imeunganishwa na mpira wake, ifute, pampu ifanye kazi, uitazame ncha yake injini ikiwa ya moto, haitakiwi kudondosha. Hapo uwe makini, mafuta humo yana presha ya baa 2.5 kwenda 3, mpira wa zamani ukikuchanikia petroli inaruka kama dawa ya mbu, mtu wa sigara akae mbali.

SWALI: Fundi habari. Mi nina BMW E30 318i ya 1986, inamisi (injini inarukaruka, haichomi sawasawa) na mafuta inakula. Nimeshauriwa nitoe injeksheni niweke kabureta ya Toyota, jamaa amenifanyia bei nzuri na anasema ameshafanya nyingi. Unaonaje? (Msomaji, Mbezi Beach)

JIBU: Nzuri. Soma jibu la mwenzio hapo juu maana mfumo wa gari yako ni ndugu wa ule, vipimo vya omu ni vilevile, na sensa ya Bosch namba 0 280 130 026 inayotumika kwenye E30 bado inatengenezwa na si ya kutafuta kwa tochi. Kabla hujalipa mtu akufungie kabureta pima kitu ambacho kinapimika kwa dakika kumi.

Kabureta yenyewe siichukii, nimekua nazo. Ninachochukia ni inavyofungwa. Pampu ya injeksheni inasukuma mafuta kwa presha ya karibu baa 3, kabureta inataka kama sehemu ya kumi ya hiyo. Jamaa akiacha pampu ileile, na wengi wanaiacha, sindano ya kabureta inazidiwa, petroli inafurika juu ya manifoldi ya moto. Mwulize atafunga pampu gani. Akikwambia "hiyohiyo tu bosi inakubali" chukua funguo zako uondoke. Alafu jua kwamba baada ya hapo kuirudisha ni gharama, kwa sababu zile waya, boksi la hewa na kompyuta huwa vinaishia kwa mtu wa skrepa jioni hiyohiyo, na E30 yenye kila kitu chake na E30 iliyochokonolewa wanunuzi hawaziweki bei moja.

Kuhusu kumisi, kwenye 318i ya umri huo kabla ya sensa tazama ule mpira mnene wenye mikunjo kati ya boksi la hewa na throto. Unachanika chini, ndani ya mikunjo, huoni mpaka uukunjue kwa mikono. Hewa inayoingilia hapo haijapita kwenye kibao, kompyuta haiijui, mafuta yanakuwa pungufu na gari inamisi. Huo unasababisha kumisi, sensa inasababisha kula mafuta, unaweza ukawa navyo vyote viwili kwa pamoja na ndo maana ukitibu kimoja unaona kama hujafanya kitu.

SWALI: Mercedes 280E ya mwaka 1979, hii ya W123. Ikiwa ya baridi inatetemeka na kuzima, ikipata moto safi kabisa. Nimetafuta hiyo sensa ya temperecha ya injeksheni siioni kwenye injini. Iko wapi? (Mzee wa Upanga)

JIBU: Shikamoo mzee. Haipo, usiendelee kuitafuta na usikubali kuuziwa. Gari yako ina K-Jetronic, ni mfumo wa Bosch lakini wa kimakanika, injekta zinamwaga mfululizo injini ikiwa inazunguka, hakuna kompyuta ya kuamua wala ya kuuliza sensa. Kazi ya kuongeza mafuta asubuhi inafanywa na kifaa kinachoitwa regyuleta ya kupashia moto, kimefungwa kwenye injini, kina plagi ya umeme na mirija miwili myembamba ya mafuta. Ndani kuna utepe wa chuma unaojikunja kwa joto, unapata joto la injini na la hita yake ya umeme, na kadiri unavyojikunja ndivyo unavyobadilisha presha inayokandamiza kule kwenye kigawa mafuta.

Kwa dalili zako, kuzima ikiwa ya baridi na kutulia ikipata moto, mafuta ni pungufu asubuhi. Kwenye mlango wa kuingilia mafuta wa kile kifaa kuna kichujio kidogo sana cha wavu, uchafu wa petroli unakiziba. Atafutwe fundi mwenye geji ya presha ya K-Jetronic, apime presha ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto, asianze kufungua bisibisi za juu kwenye kigawa mafuta kwa kubahatisha kwa sababu pale pakivurugwa kurudi ni shida. Wapo wachache mjini, wengi ni wazee wenzio waliozishika zikiwa mpya. Fundi akikataa kupima presha na anataka kuanza na kubadilisha, mzee usimwachie gari.

SWALI: Kaka, naishi Kigamboni, plagi ya sensa kwenye Volvo 240 yangu pini zimekuwa za kijani, zimeliwa na chumvi ya bahari. Naweza kukata plagi nikaunga waya moja kwa moja kwenye sensa? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Usifanye hivyo, siku ya kubadilisha sensa utakata tena na waya unazidi kuwa mfupi. Nenda kwa wauza gari za kukata, omba plagi ya injekta ya gari yoyote ya Ulaya ya miaka hiyo yenye Bosch, BMW, Volvo, Volkswagen, plagi ni ileile ya pini mbili. Wakukatie na kipande cha waya, unga kwa kuchomea risasi, kila kiungo na kimpira chake cha kusinyaa kwa joto, viungo viwili visikae sehemu moja. Ndani ya plagi paka grisi ya umeme kidogo na urudishe kile kimpira cha mlangoni, upepo wa huko hausamehi.

Na kwa kuwa plagi zinafanana hivyo, ukiwa umechomoa kadhaa zifunge tepu ya rangi kabla hujasahau ipi ya wapi. Plagi ya injekta inaingia kwenye sensa bila kulalamika, na ya sensa inaingia kwenye injekta, na hapo utakuwa na swali jingine kabisa la kuniandikia.